Helaena anaona, sawa, lakini anaendesha? Jibu kwa dada wa Nakuru

"Mwalimu, habari ya Kisumu. Mimi niko Nakuru, huku Shabab, na kwetu wananiita mama nabii sababu ya thiori zangu. Nimeona Game of Thrones yote na House of the Dragon hadi mwisho wa sizini ya pili, na mimi nimeshawishika kabisa Helaena, yule malkia wa mafumbo wa House of the Dragon, ndiye anaendesha hiyo vita yote kutoka kwa kichwa chake, kama Bran, yule kijana wa maono wa Game of Thrones, hao wengine ni vibaraka tu. Bro wangu anasema nimechizi, ati kitabu kilishamaliza hiyo stori kitambo. Binamu yetu naye anasema hata nikipatia haina maana, waandishi wakiona mashabiki wamebahatisha vizuri wanabadilisha mwisho. Tumeweka beti ya elfu tano mimi na yeye. Shida ni venye nilichomeka na ile ya Bran kuwa Mfalme wa Usiku, yule mkuu wa jeshi la wafu, nilibishana na watu miaka mbili halafu ikaisha vile iliisha. Sasa nitajuaje kama naona kitu kiko ama najitungia tu? Na nisome kitabu kwanza ama nisubiri? Siku hizi narudia episodi hadi saa tisa usiku, asubuhi nafungua duka nikiwa nimelala nimesimama."

Dada yangu, pole na hongera. Hujachizi. Mtu amechizi haulizi kama anajitungia, anaendelea tu. Mimi kazi yangu ni kuandika skripti na kukaa na waandishi wachanga hapa Kisumu tukipasua episodi vipande vipande tuone mwandishi alificha nini wapi, kwa hivyo swali lako ni lile tunabishania karibu kila wiki. Wacha nianze na hao wawili wanakusumbua huko nyumbani halafu nikuje kwa Helaena. Kwa asiyeona: House of the Dragon ni vita ya ukoo mmoja wenye majoka, miaka mingi kabla ya Game of Thrones. Upande mmoja kuna Mfalme Aegon, Helaena ambaye ni dada na mke wake, ndugu yao Aemond na mama yao Alicent; upande wa pili ni dada yao wa baba, Rhaenyra, na mume wake Daemon.

Binamu yako kwanza, kwa sababu hiyo yake ndiyo imeenea sana na ndiyo iko mbali zaidi na ukweli. Chukua swali la mama yake Jon Snow wa Game of Thrones, yule analelewa kama mtoto wa nje wa Ned Stark. Kitabu cha kwanza cha George R. R. Martin kilitoka 1996, na hata kabla hiyo miaka ya 90 iishe kuna wasomaji walikuwa wameshaunganisha kwamba Jon si mtoto wa Ned Stark, ni wa Lyanna, dada yake Ned, na mwana wa mfalme Rhaegar. Benioff na Weiss wenyewe, wale walitengeneza series, wamesimulia kwamba Martin aliwauliza wanafikiri mama yake Jon ni nani kabla awaachie hiyo kazi, na wakapatia. Series ikaanza Aprili 2011. Jibu likaonyeshwa Juni 2016, episodi ya mwisho ya sizini ya sita. Hesabu hiyo miaka. Mamilioni ya watu walikuwa wanajua, na mwisho haukubadilishwa.

Na hawakuweza kuubadilisha hata wangetaka. Ukishapanda dalili kwa kitabu ambacho kiko kwa nyumba za watu huwezi kwenda kuzing'oa usiku. Ukigeuza mwisho juu watu wamejua, zile dalili zote zinageuka kuwa uongo, na yule msomaji aliyekuwa makini ndiye unamwadhibu. Martin mwenyewe ameshasema hadharani kwamba hawezi kubadilisha mpango eti kwa sababu kuna mtu amebahatisha. Mimi pia siwezi kumruhusu mwanafunzi wangu afanye hivyo.

Lakini usimcheke binamu sana, maana kuna kitu amenusa. Hizi series zinabadilika kweli, ni vile tu sababu zake ni kavu, ni pesa na siku za kushuti na mwigizaji yuko ama hayuko. Sizini ya kwanza ya House of the Dragon ilikuwa na episodi 10, ya pili ikapewa 8, na ile vita ya baharini watu walikuwa wameingojea ikasukumwa mbele. Katika kitabu Helaena ana mtoto mwingine mdogo, Maelor, kwa series hayuko kabisa, na Septemba 2024 Martin aliandika kulalamika juu ya hiyo, akasema ukitoa kitu kidogo mapema kuna vitu vikubwa vitasukumwa baadaye. Hapo hakuna shabiki amebadilisha kitu. Ni joka linakula bajeti.

Bro sasa. Anasema kitabu kilishamaliza. Fire & Blood ilitoka 2018, ni kweli, na ni kweli hiyo vita ya ndugu na ndugu imeandikwa humo mwanzo hadi mwisho. Lakini muulize bro kama amekisoma ama amesomewa tu na watu wa kijiwe. Hicho kitabu hakikuandikwa kama riwaya, kimeandikwa kama historia, kuna msomi wa hiyo dunia anaitwa Gyldayn anakusanya ushahidi miaka mingi baada ya wahusika kufa, na mashahidi wake hawaelewani. Kuna Mushroom, mchekeshaji wa ikulu, huyo kila kitu kwake ni mambo ya kitandani. Kuna Eustace, mtu wa dini, anapendelea upande wa Aegon. Kuna Munkun, yeye anaandika kama karani. Kwa hivyo mahali bro anasema "kitabu kinasema", mara nyingi kitabu kinasema tu kwamba Mushroom alisema. Na series imeshatumia hilo pengo. Kitabu kinamzika Laenor Velaryon, mume wa kwanza wa Rhaenyra, series ikamnyoa nywele ikampandisha mashua usiku akaenda zake. Rhaenys, mama yake Laenor, kupasua sakafu na joka siku ya kutawazwa Aegon, hiyo haiko kitabuni.

Na sasa hapa ndipo nataka bro aketi chini asikie vizuri: Helaena wa kitabu haoti. Ni malkia mpole, anapendwa na watu, yanampata yale yanampata, lakini unabii hana. Maneno yake yote ya mafumbo yametengenezwa na watu wa series. Maana yake ni kwamba kwa swali lako, lile lile umebishania, kitabu hakina jibu. Bro amekuja na ufunguo wa nyumba ingine.

Basi unapimaje? Mimi huwaambia wanafunzi waangalie dakika. Kwa televisheni dakika ndiyo pesa, hakuna mtu analipa watu mia kadhaa kusimama kwenye baridi kushuti kitu hakitumiki, kwa hivyo kile series imelipia mbele ya macho yako inadaiwa ikirudishe, na kile haijalipia haidaiwi, hata kama wewe unakitaka namna gani. Hodor, yule mtumishi mkubwa anayembeba Bran, ndiye mfano wangu wa siku zote. Tangu 2011 mtu anasema neno moja tu. Miaka inapita, unazoea, unaona ni vile yuko. Halafu sizini ya sita episodi ya pili Bran anaona maono ya zamani, kijana mmoja pale uani Winterfell anaongea vizuri kama mtu yeyote, anaitwa Wylis, na Bran anashangaa kumbe Hodor alikuwa anaongea. Ni kitu kidogo sana, unaweza kuwa umeenda kuchukua chai. Lakini hapo mwandishi amekulipisha, amekuambia kulikuwa na wakati huyu mtu alikuwa mzima, kwa hivyo kuna siku aliharibika. Episodi tatu baadaye mlango unashikwa na kila mtu analia. Toa hiyo shoti ya Wylis akiongea na ule mlango unabaki kuwa mlango tu.

Wazee wetu huku walijua hii kazi vizuri bila kusoma darasani. Ukisimulia Luanda Magere, shujaa wa Wajaluo mwenye mwili wa jiwe, kwa watoto wa Kano huwezi kuruka moja kwa moja kwa kivuli. Lazima kwanza mikuki ya Lang'o, maadui wake, igonge mwili wake ianguke, tena na tena, mtoto mwenyewe aulize huyu anakufaje. Halafu ndio wanamletea msichana aolewe. Halafu anaugua, na anamwambia bibi chale azichanje kwa kivuli, si kwa ngozi, na damu inatoka kwa kivuli. Kufikia hapo msikilizaji ameshajua yote, ule mkuki wa mwisho ni kumalizia tu. Ukianza na kivuli watoto watakwambia unadanganya.

Sasa rudi kwa ile ya Bran na Mfalme wa Usiku iliyokuchoma. Ulikuwa na nini mkononi? Mavazi yanafanana kidogo, Bran anaingia wakati wa zamani, Hodor amethibitisha kwamba wakati unaweza kujipinda. Hizo ni fanano, dada. Hakuna dakika hata moja ambapo series ilikuonyesha Mfalme wa Usiku akijua kitu ambacho Bran peke yake anajua, ama Bran akiamka na kumbukumbu ambazo si zake kutoka upande ule wa barafu. Kwa hivyo Arya, dada yake Bran, alipomchoma Mfalme wa Usiku Aprili 2019 hakuna deni lilibaki. Kuna watu waliumia hata kukuliko, wale wa unabii wa Malkia Cersei, kwamba ndugu yake mdogo atamkaba shingo. Hiyo iko kitabuni, kitabu cha 2005, lakini series ilipoonyesha yule mchawi aliyemtabiria msituni 2015, mwanzo wa sizini ya tano, hicho kipande cha ndugu kiliachwa nje. Watu wakangoja miaka minne Jaime, pacha wake, amkabe, matofali yakawaangukia wote wawili wakiwa wamekumbatiana. Watu wakasema wameibiwa, lakini ukirudi nyuma series haikuwahi kuwaahidi hiyo kitu, waliileta wenyewe kutoka kwa kitabu.

Na si kila kitu kiko kwa skrini ni dalili. Mei 2019 kulikuwa na kikombe cha kahawa cha karatasi kwenye meza mbele ya Daenerys, katikati ya sherehe Winterfell. Kama ingekuwa ni kikombe cha udongo chenye alama fulani nakuhakikishia tungekuwa na thiori arobaini. Ilikuwa tu mtu alisahau kikombe, wakaenda wakakifuta.

Haya, Helaena. Nimegawanya thiori yako mara mbili kwa sababu ni vitu viwili umevifunga kamba moja. Kwamba anaona, hiyo hata si thiori tena, imelipiwa na risiti iko. Sizini ya kwanza Alicent anasema siku moja Aemond atapata joka, na yule msichana akichezea mdudu wake mwenye miguu mingi anasema itabidi afunge jicho moja. Episodi inayofuata Aemond anapata joka Vhagar na anapoteza jicho usiku huo huo. Karibu mwisho wa sizini anaonya juu ya mnyama chini ya mbao, na Meleys, joka la Rhaenys, anatoka chini ya sakafu, vumbi kila mahali. Tena kuna kusoma kwa pili kwa huo mstari wa mbao, ambako mimi binafsi nakupenda zaidi: sizini ya pili inaanza, Helaena anamwambia Aegon anaogopa, si majoka, ni panya. Anapuuzwa. Na wale waliokuja kumuua mtoto wake walipitia njia za chini ya ikulu, mmoja wao kazi yake ni kushika panya. Mstari mmoja unalipa mara mbili, hiyo mwandishi hafanyi kwa bahati mbaya.

Sasa nusu ya pili, kwamba anaendesha. Hapa naanza kukukatalia, na ushahidi wangu ni huyo huyo mtoto. Mama anayeweza kusukuma vita kutoka kwa kichwa chake angeacha Jaehaerys achinjwe? Unaweza kuniambia ilikuwa sehemu ya mpango wake, najua utaniambia, maana hiyo ndiyo tabia ya thiori ikianza kuoza: kila kitu kinachoipinga kinageuzwa kuwa ushahidi wake. Jiulize hivi, ni kitu gani series ikinionyesha nitakubali nimekosea? Kama hakuna, hapo umeshakuwa muumini.

Linganisha na Bran. Yeye series ilimfundisha mbele yetu hatua kwa hatua, kwanza anaota akiwa ndani ya mbwa-mwitu wake, halafu anaingia ndani ya Hodor, halafu anaenda kwa mwalimu chini ya mti. Kila ngazi tuliipanda na yeye. Helaena ana wadudu tangu utotoni na hatujawahi kuona hata buibui mmoja akimtii. Siku utaona mdudu anatembea vile yeye anataka nipigie simu, nitakuja Nakuru kukuomba radhi mwenyewe.

Lakini najua kilichokuwasha, ni ile episodi ya mwisho ya sizini ya pili, Daemon pale ngome ya Harrenhal anagusa mti anaona maono, na ndani ya maono Helaena anamwongelesha, anamwambia yeye ni sehemu tu ya hadithi na anajua sehemu yake. Ile shoti hata mimi niliisimamisha. Imelipiwa, siwezi kuikana, kuna kitu kitarudi. Lakini angalia nani wengine wako kwa hayo maono: kuna mtu mwenye alama usoni amefungwa na mizizi, huyo kwa miaka ya hiyo stori hata hajazaliwa. Kwa hivyo mti wenyewe unabeba watu kutoka nyakati zote, na Helaena anaweza kuwa ni abiria kama wengine. Na kama tunamtafuta mtu anayesukuma Daemon, mwenye dakika nyingi ni Alys Rivers, yule mganga wa Harrenhal, yeye ndiye anampa vya kunywa, anamfuata usiku, anamshika mkono hadi kwa mti. Ningekuwa wewe ningehamishia wasiwasi wangu huko.

Na sikiliza vile Helaena anaongea na Aemond baadaye, akilazimishwa kupanda joka lake Dreamfyre aende vitani. Anakataa. Anamwambia Aegon atakuwa mfalme tena, na wewe utakuwa umekufa, umemezwa na lile ziwa la Gods Eye. Kwa utulivu kabisa. Mimi kwa hiyo sauti naskia mtu amechoka kusema vitu hakuna mtu anasikia. Huku kwetu tuna Kimnyole, yule Orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, inasimuliwa alitabiri nyoka wa chuma anayetema moto na moshi atakuja kunywa maji ya ziwa hili, na watu wake wenyewe wakamuua 1890. Reli ikafika Kisumu 1901. Kimnyole hakuiendesha reli. Aliiona tu, na kuiona hakukumsaidia chochote. Kwangu Helaena amekaa hapo, na kusema ukweli hiyo inanigusa kuliko akiwa ni bosi wa siri, kwa sababu bosi wa siri anaondolea wengine wote lawama. Alicent alisikia vibaya maneno ya mume wake anayekufa, Aemond alimfukuza Lucerys, mtoto wa Rhaenyra, na joka likamshinda nguvu, hizo ndizo injini za hii stori, watu wakikosea wenyewe. Ukimweka Helaena nyuma ya hizo zote umezizima.

Kusoma kitabu? Inategemea unapenda nini. Ukisoma utajua nani anakufa, na hiyo hairudi, huwezi kuisahau. Utapata raha ingine, ya kuona wamegeuza nini na kwa nini, na mimi ndiyo naipenda lakini mimi ni fundi. Ni kitabu kinene, na hii vita ni sehemu yake tu, kuna wafalme wengi kabla. Kwa vile wewe unaishi kwa kubahatisha ningekuambia ngoja. Ryan Condal, anayesimamia series, alisema 2024 kwamba stori itafungwa na sizini ya nne, kwa hivyo hutangoja milele kama wale wanaongoja kitabu cha sita cha Martin. Ila kama bro amezoea kukurushia spoila mezani, soma tu, afadhali ujiharibie mwenyewe.

Hilo la saa tisa usiku sitaki kuliruka. Kurudia episodi ni kazi halali, mimi hulipwa kwa hiyo, lakini rudia shoti uliyoandika kwa karatasi unaitafuta, moja, halafu funga. Usiku wa manane kila fanano linakuwa ushahidi, akili iliyochoka haichagui. Kama umezima simu na bado usingizi hauji wiki baada ya wiki, ama umeanza kugusa pesa za duka kuweka beti, hiyo si ya kumwandikia mtu wa skripti, enda hospitali karibu na wewe uone daktari ama mshauri uso kwa uso. Na kwa thiori zenyewe tafuta watu wawili watatu hapo Nakuru mkae muone pamoja, mtu akikuangalia usoni na kukuuliza "hiyo iko dakika gani?" inasaidia kuliko kubishana kwa simu na watu mia.

Beti yenu vile iko haiwezi kuamuliwa, "anaendesha vita" ni maneno ya kila mtu kuvuta kwake, mtakosana bure. Iandikeni upya: kabla series iishe, Helaena ataonyeshwa akimfanya mtu, mdudu ama joka kufanya kitu bila kutamka neno. Ndiyo au hapana. Elfu tano mrudishiane, mwenye kushindwa alipe nauli ya kuja Kisumu na samaki pale Dunga, na refa awe bro kwa sababu yeye hana pesa ndani.